Banda la kuku lisilopitisha kicheche: tulivyolijenga na Mwalimu, hatua kwa hatua

Jirani yangu huku Uru, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ni mwalimu mstaafu. Wiki chache kabla ya masika alinijia na daftari la hesabu, kachora banda la kuku kwa rula na penseli, vipimo vyote vimeandikwa pembeni kwa mwandiko wa ubaoni.

"Mwanangu, hebu lipitie kabla sijamwita fundi."

"Shikamoo Mwalimu. Hapa juu, kati ya ukuta na bati, umeacha uwazi wa nini?"

"Marahaba. Hiyo ni ya hewa."

"Hewa hiyohiyo ndiyo iliyokula kuku wangu 11."

Tulikaa kwenye benchi tukachora upya, na Jumamosi mbili zilizofuata tukajenga. Huu ndio utaratibu tuliofuata. Ni banda la kuku 20 wa kienyeji, wanaoshinda nje na kulala ndani. Kama unafuga wa mayai 500, hili si lako.

Hatua ya 1: Jua unayemfungia mlango

Huku kwetu kila kinachokula kuku usiku kinaitwa kicheche. Ukikuta manyoya asubuhi, kicheche. Ukikosa kuku, kicheche, hata kama ni kijana wa jirani. Lakini banda halijengwi kwa jina moja. Yuko kanu, mwembamba mwenye madoa na mkia wa pete, anayepanda mti kama paka na kuingia kwa juu. Yuko nguchiro, anayechimba na kupenya kwa chini, na wengi wao hutembea mchana. Yuko fungo, mzito kidogo, hutambaa chini akitafuta ubao uliooza. Wako mbwa wa mtaani, ambao kwa maoni yangu wanaua kuku wengi kuliko hao wote, kwa sababu mbwa havizii, anabomoa. Wako nyoka na kenge wanaofuata mayai, panya wanaofuata chakula (na nyoka wanaofuata panya), na mwewe wa mchana. Siafu nitawafikia, maana wao ni habari nyingine kabisa.

Ukitaka kumjua aliyekuingilia, tazama alikopita kabla hujatazama alichokula.

Hatua ya 2: Mahali na ukubwa

Kuku 4 kwa mita moja ya mraba. Kwa kuku 20 ni mita 2 kwa 2.5. Weka palipoinuka, maji ya masika yasisimame, na karibu na dirisha la chumba unacholala ili usikie kelele.

Kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, kuna tatizo ambalo mtu wa mjini hana: migomba. Jani la mgomba likigusa paa ni daraja. Kanu atapita juu yake, siafu watapita juu yake. Mwalimu hakutaka kukata mgomba wake wa ndizi za mbege, tukabishana nusu saa, mwisho tukasogeza banda. Acha mita 2 pande zote bila tawi wala jani.

Hatua ya 3: Miguu na sakafu

Mimi ni mtu wa banda la kuinuliwa. Najua wapo wanaopenda sakafu ya saruji chini, na ni kweli saruji haichimbwi, lakini kwenye mteremko na mvua zetu sakafu ya chini inapata unyevu, na unyevu unaleta magonjwa. Nguzo 6 za mti wa mlingoti (mkaratusi), sakafu sentimita 70 kutoka ardhini. Kila mguu uvishwe kipande cha bati kama kola, upana wa sentimita 40, ili panya na kanu wakose pa kushika kucha.

Sakafu iwe ya mbao zilizokauka. Narudia: zilizokauka. Mwaka wa kwanza nilinunua mbao mbichi za grevilea kwa sababu zilikuwa za bei ya chini, nikazipanga zikabana vizuri hata wembe haupiti. Kufika Agosti kila ubao umesinyaa, na kati ya ubao na ubao mkono wa mtoto unapita. Mabanzi, yale masalio ya pembeni ya gogo, ndiyo mabaya zaidi, yanasinyaa na kupinda. Kama huna njia ila mbao mbichi, zianike kivulini miezi miwili, zipangwe na vijiti katikati hewa ipite, ndipo upigilie.

Hatua ya 4: Kuta na wavu

Nusu ya chini mbao, nusu ya juu wavu. Sasa tuelewane kuhusu wavu. Ule wa matundu ya pembe sita, unaouzwa kila duka kwa jina la wavu wa kuku, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Haukutengenezwa kumzuia mbwa asiingie. Mbwa anauchana kwa meno, na baada ya misimu miwili ya mvua una kutu na hata paka anausukuma. Mimi siutumii tena popote isipokuwa bustani ya mchicha.

Tumia wavu wa kuanikia kahawa, ule ambao madukani ukisema kofitrei wanakuelewa. Umetengenezwa kubeba kahawa isidondoke, kwa hiyo matundu yake ni madogo, kidole hakipiti, panya hapiti, na nyoka wa kumeza yai hapiti. Ni ghali kidogo kuliko ule mwingine. Punguza ukubwa wa dirisha, usipunguze ubora wa wavu.

Upigilie kwa misumari ya U kila baada ya sentimita 10, kisha juu yake upigilie kipande cha ubao wa inchi moja kwa mbili, kuzunguka pembezoni. Misumari peke yake inang'oka mbwa akivuta. Na wavu ukae upande wa nje wa fremu, si wa ndani, ili anayesukuma aukandamize kwenye mbao badala ya kuung'oa.

Hatua ya 5: Paa, mahali nilipolia

Chukua bati, lilaze juu ya ubao ulionyooka, halafu inama utazame kwa pembeni. Utaona kila wimbi la bati limeacha kitundu cha nusu mwezi. Fundi wako atakuambia hivyo ni vidogo, havina neno. Na kweli, kimoja kinaonekana kidogo. Lakini ubao ukipinda kidogo, au bati likiinuka kwa upepo, kile kitundu kinaongezeka, na mnyama mwembamba akishapitisha kichwa, mwili unafuata.

Usiku ule wa kuku wangu 11, kama saa nane, nilisikia mlio mmoja tu wa kuku. Nikasema moyoni ameota. Asubuhi nilifungua mlango, kufuli liko, komeo liko, wavu mzima, na kuku 11 wamelala chini wameng'atwa shingoni. Aliliwa mmoja tu, tena nusu. Hawa wanyama wakijikuta ndani na windo lisilo na pa kukimbilia huendelea kuua hata wakishashiba.

Nilitafuta tundu siku nzima. Nilichimba kuzunguka miguu yote, nikakagua sakafu ubao kwa ubao nikiwa nimelala chali, nikang'oa wavu wa dirisha na kuurudisha. Hakuna. Jioni ya siku ya pili, shemeji yangu alipanda ngazi kutundika taa, akaniita: kwenye ncha ya ubao wa juu, chini ya wimbi la bati, yamenasa manyoya ya kijivu yenye doa. Nilikuwa nimetazama chini muda wote kwa sababu kichwani nilikuwa nawinda mchimbaji.

Basi fanya hivi. Kata kofitrei vipande vya upana wa sentimita 20, vikunje kwa urefu, na uvibane kati ya ubao wa ukuta na bati kabla hujapigilia misumari ya bati. Ukishapigilia, sukuma kila wimbi kwa kidole gumba. Likicheza, ongeza. Kisha funga fisha bodi, ule ubao wa kuziba ukingo wa paa, pande zote nne, maana upande wa kilele nao una matundu yaleyale na watu huusahau. Ukitumia bati la geji 28, ambalo ni nene zaidi, ni bora kuliko 30, la 30 linainuka upepo ukivuma. Kuna wanaoziba kwa matambara au magunia. Panya wanayachukua kujengea viota. Kuna wanaoziba kwa saruji tupu; mbao zikicheza saruji inapasuka na kudondoka. Saruji iliyopakwa juu ya wavu inakaa.

Kipimo changu ni yai. Tembea nalo mkononi kuzunguka banda lote. Tundu lolote linalokaribia kupitisha yai ni mlango.

Na hewa ya Mwalimu? Iko. Madirisha mawili ya wavu yanayotazamana, juu kidogo ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala, yanatosha kutoa harufu na joto bila upepo kuwapiga moja kwa moja. Usiku wa Juni na Julai, baridi ya mlima ikishuka, shusha gunia upande mmoja tu.

Hatua ya 6: Mlango, na habari ya siafu

Mlango ufunguke kwa nje, bawaba 3 na si 2 (zikiwa 2 mlango unalegea, na chini panabaki pengo), komeo juu na komeo chini.

Sasa siafu. Kila kitu nilichosema mpaka hapa ni kuziba. Siafu wakija, kuziba kunageuka hatari. Mvua zikianza wanahama kwa misafara, na msafara ukipanda bandani, kuku waliofungiwa hawana pa kukimbilia. Anayeatamia ndiye wa kwanza, kwa sababu haachi mayai. Ukisikia kuku wanarukaruka na kupiga mabawa usiku wa mvua bila kupiga kelele za hofu ya mnyama, usikae kitandani kujiuliza.

Kinga ya kwanza ni miguu. Kila mguu usimame ndani ya kopo pana lenye mafuta machafu ya gari. Lakini kopo lisiloezekwa linajaa maji ya mvua, mafuta yanaelea, yanamwagika na kuua majani yako, kwa hiyo ile kola ya bati iinamishe kama mwavuli juu ya kopo. Safisha majani yaliyodondokea ndani kila wiki, maana jani moja kavu linatosha kuwa daraja. Fyeka nyasi zinazogusa sakafu. Ngazi ya kuku iondolewe kila jioni. Nimewahi kuona mtu ametia mafuta miguu yote sita, siafu wakapanda kwa ngazi kama wageni waalikwa.

Kinga ya pili ni kufungua haraka. Kufuli weka, wezi wapo, ila ufunguo utundikwe kwenye msumari mmoja na tochi, kila mtu wa nyumbani ajue msumari uko wapi. Siafu wakishaingia usipigane nao: fungua, kuku watawanyike, majivu ya moto yamwagwe kwenye msafara. Mafuta ya taa na kiberiti karibu na banda la mbao usijaribu.

Hatua ya 7: Ndani

Vichanja vya fito za mviringo, sentimita 20 kwa kila kuku, vyote kimo kimoja wasigombanie cha juu. Viota 5 vya sentimita 30 kila upande, mahali penye giza. Chini pumba za mpunga, zinapatikana kwa wingi kwenye mashine za kukoboa mpunga za Mabogini na Chekereni, huko tambarare ya Moshi. Chakula kisilale ndani. Na chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) kila miezi mitatu, maana kideri hakihitaji tundu.

Hatua ya 8: Uwanja wa mchana

Kwa kuku wakubwa wanaozurura, jogoo mzuri na mbwa wako mwenyewe aliyelelewa nao vinatosha. Vifaranga ndio shida. Wiki sita za mwanzo wakae chini ya tenga au ndani ya uzio mdogo uliofunikwa juu. Mimi nafunika kwa nyavu kuukuu za wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu: nyepesi, mwewe anaziona na kughairi. Chini ya uzio laza wavu chali kuelekea nje, sentimita 50, uufunike kwa udongo. Mchimbaji huanza kuchimba palepale ukuta unapogusa ardhi, anakutana na wavu, na hana akili ya kurudi nyuma nusu mita.

Hatua ya 9: Jifungie

Kabla ya kuku kuingia, subiri saa saba mchana jua liwe kali. Ziba madirisha kwa magunia, ingia, mtu akufungie kwa nje. Kaa kimya dakika tano macho yazoee giza. Kila penye mwanga, piga alama ya chaki.

Mwalimu alikataa niingie mimi. Aliingia mwenyewe na chaki yake, nikafunga komeo, akaanza kuhesabu kwa sauti ya darasani: moja, kona ya mashariki, mbili, juu ya bawaba. Alikuwa amefika 14 mke wake alipotokea na ndoo ya maji, akasimama, akalitazama banda, akanitazama mimi.

"Amefanya nini tena?"

"Anatafuta matundu, mama."

"Kumi na tano!" ikasikika kutoka ndani.