Tazama mabano mwishoni mwa jina la mmea

Ukitafuta habari za mmea kwa jina la kisayansi, usiishie kwenye maneno mawili ya mwanzo. Soma na herufi zinazofuata. Nimelijua hili majuzi nikihangaika na mkarafuu. Mkwaju ni Tamarindus indica L.: hiyo L. ni Linnaeus, Mswidi aliyeupa jina hilo mwaka 1753, na kwa kuwa haimo kwenye mabano, jenasi, yaani kundi linalotajwa na neno la kwanza la jina, haijabadilika. Mlonge vilevile: Moringa oleifera Lam., yaani Lamarck, 1785. Lakini mkarafuu ni Syzygium aromaticum (L.) Merr. & L.M.Perry. Mabano yanakuambia Linnaeus aliuweka kwenye jenasi nyingine, wengine, yaani Merrill na Perry, wakauhamisha baadaye. Basi tafuta kwa neno la pili tu, tena ulikate mwisho: "aromatic". Utakutana na Caryophyllus aromaticus, jina la 1753, na maandishi ya zamani yaliyokuwa yamekupita. Mwisho unakatwa kwa sababu neno hilo hufuata jinsia ya jenasi katika Kilatini. Ndiyo maana -us imekuwa -um.

Mbinu hii inagoma kwa mwarobaini. Linnaeus aliuita Melia azadirachta. Leo ni Azadirachta indica A.Juss., yaani Adrien de Jussieu. Kanuni za kuipa mimea majina hazikubali jenasi na spishi zifanane neno kwa neno, kwa hiyo azadirachta haikuweza kubaki nafasi ya pili, na mabano hayapo ya kukushtua. Hapo fungua orodha ya majina ya zamani ya mmea wenyewe.