Kadi ya kazi ya OPT: ifuatilie mpaka kwenye boksi la barua

Wenzangu mnaosoma Marekani kwa viza ya F-1 na mmeomba OPT (ruhusa ya kufanya kazi kwa muda katika fani unayosomea), msiishie kuangalia kama ombi limekubaliwa. Kukubaliwa ni jambo moja, kadi kufika mkononi ni jingine, na bila hiyo kadi huruhusiwi kuanza kazi.

Namba ya stakabadhi ya fomu I-765, ile ya kuombea kadi, ina herufi 3 na tarakimu 10, mara nyingi huanza na IOE. Iunganishe na akaunti yako ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani. Kadi ikishatumwa, namba ya kuifuatilia USPS, yaani posta ya Marekani, utaikuta humo humo.

Kinachowakwamisha wengi ni anwani. Usitegemee posta ikuhamishie barua za USCIS ukihama, kwa kawaida hurudishwa zilikotoka. Badilisha anwani kwa USCIS wenyewe ndani ya siku 10. Halafu shuka ukaangalie boksi lenu: jina lako limo? Tulikuwa tunaishi wanne, na jina lililobandikwa lilikuwa la mpangaji aliyeondoka zamani. Nikaandika langu kwa kalamu nene, nikalibandika kwa selotepu ndani ya kijimlango, pale anapotazama mtu wa posta.

Jiandikishe pia Informed Delivery ya USPS, ni bure, unatumiwa picha za bahasha zinazokuja siku hiyo. Fanya hivyo mapema, siku unayotuma ombi, kwa sababu wengine huambiwa waende kwanza posta na kitambulisho.