Injini ya tabo ikianza kula oili
Usikimbilie kununua tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini) nyingine, pima kwanza. Egesha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika 10, jaza oili hadi alama ya juu ya dipstiki (kijiti cha kupimia oili) na uandike kilomita. Pima tena baada ya kilomita 1,000. Imepungua karibu lita nzima? Chomoa mpira unaotoka kwenye tabo kwenda intakula (kipoza hewa ya tabo). Utando mwembamba wa oili ndani yake ni kawaida, ila ikiwa imetuama, shuku tabo. Mpira ukiwa mkavu, shuku ringi za oili kwenye pistoni: vitundu vyake huziba kwa masizi, hasa oili ikiachwa mpaka kilomita 15,000. Mwaga kila 7,500, hata kama kitabu cha gari kinaruhusu zaidi.