Kabla hujautuma mfarishi ulioushona kwa mkono: mambo ya kuzingatia ukiwa Lubumbashi

Mteja akiniuliza usafiri ni bei gani, simjibu mpaka mfarishi, yaani tandiko la viraka lenye ujazo ndani, uwe umekunjwa, umefungwa na umepimwa kwa rula. Zamani nilikuwa nauweka kwenye mizani tu, naona kilo 2 na nusu, namtajia mteja bei ya kilo 3. Siku moja nikafika kaunta nikaambiwa nilipie kilo 12. Nikabisha. Kijana wa kaunta akanijibu kwa upole: "Mama, tunapima katoni, hatupimi kitambaa." Tofauti yote ilitoka mfukoni mwangu, na mfarishi ule ulikuwa umenichukua wiki sita za sindano.

Hesabu yao ni hii, nawe ijue kabla ya kitu kingine chochote. Kampuni za usafirishaji wa haraka kwa ndege, kama DHL, huzidisha urefu, upana na kimo cha kifurushi kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5000. Jibu hulinganishwa na uzito wa mizani, na namba iliyo kubwa ndiyo unayolipia. Mfarishi ni mwepesi lakini umejaa hewa. Katoni ya sentimita 50 kwa 40 kwa 30 inatoa 60,000. Gawanya kwa 5000, ni kilo 12. Ukiubana mpaka kimo kishuke hadi 12, ni kilo 4.8. Mfarishi ni uleule, umelipia chini ya nusu.

Kwa hiyo kubana ni lazima, ila kuna namna yake. Usiukunje pande nne sawasawa kama shuka, maana mikunjo yote hukaa mahali pamoja na pamba ya ndani huvunjika hapo. Mimi huanza kukunja kwa mshazari, kona kwa kona, au nauviringisha. Kisha unaingia kwenye mfuko mzito wa plastiki, mtu mmoja anapiga magoti juu yake kutoka upande uliofungwa kuelekea mdomoni, mwingine anafunga mdomo haraka hewa isirudi. Hii ifanyike siku ileile ya kupeleka, si wiki moja kabla. Ujazo wa poliesta ukibanwa muda mrefu unaweza kubaki bapa.

Na uwe umekauka kabisa. Ukiugusa ukahisi ubaridi kidogo kwenye mishono, bado una maji. Ukiufunga hivyo utafika na ukungu na harufu ya kisima. Kati ya Novemba na Aprili, mvua zikiwa zinapiga Lubumbashi kila alasiri, mimi huuanika ndani siku mbili zaidi hata kama nje kuna jua la asubuhi.

Mvua ndiyo iliyonifundisha jambo la rangi. Desemba moja nilituma mfarishi Kolwezi kwa basi, umefungwa kwa gunia tupu bila plastiki. Mzigo uliwekwa juu ya keria. Ulipofika, wekundu wa kitenge ulikuwa umeingia kwenye viraka vyeupe, na hakuna sabuni iliyoweza kuutoa. Nililia kwa kweli. Tangu hapo, kabla sijakata kitenge chochote chekundu, cha buluu iliyokolea au cheusi, nachukua kitambaa cheupe kilicholowa, nakisugua juu yake kwa nguvu. Kikichafuka, kitenge kinaoshwa tena na tena mpaka maji yawe meupe. Usingoje siku ya kutuma ndipo ukumbuke.

Juu ya plastiki weka karatasi yenye jina na simu ya mpokeaji, na nyingine ya namna hiyo ubandike nje ya katoni. Ile ya nje ikibanduka, ya ndani itakuokoa. Chini ya kifuniko laza kipande cha katoni ngumu, kwa sababu atakayefungua atatumia kisu, na kisu hakijui kazi ya wiki sita iko sentimita ngapi chini yake.

Njia ya kutumia inategemea unakotuma. Likasi, kama kilomita 120, na Kolwezi, kama 300, basi linatosha na ni nafuu. Uliza swali moja tu kabla hujalipa: koli yangu, yaani kifurushi changu, itakaa ndani au juu? Wakisema juu, tafuta basi lingine, hata kiangazi, maana vumbi letu jekundu hupenya penye tundu la sindano. Kinshasa ni ndege kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege. Kwa nchi kavu mzigo hupita mikono mingi mno. Ndola au Lusaka, Zambia, mzigo hupitia mpakani Kasumbalesa, na hapo wengi humpa msafiri anayemfahamu. Sikatazi, lakini msafiri aone kilichomo, akubali, na awe na karatasi yenye thamani yake ya kuonyesha forodhani. Usimfichie mtu mzigo.

Ukituma Ulaya au Marekani, andika kwenye karatasi ya forodha ni nini hasa: mfarishi wa pamba, umeshonwa kwa mkono, idadi, bei. Kwenye orodha ya kimataifa ya forodha mifarishi ina namba yake, 9404.40, tangu 2022. Mablanketi ya kawaida yako 6301. Namba isiyo sahihi inaweza kuchelewesha mzigo na kumbadilishia mteja kodi. Mwambie mapema kwamba kodi ni juu yake. Umoja wa Ulaya unatoza kodi ya ongezeko la thamani hata kwa vifurushi vidogo tangu Julai 2021, na Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa bidhaa chini ya dola 800 mwishoni mwa Agosti 2025. Mteja asiyejua hili anaweza kuukataa mzigo mlangoni, na gharama ya kuurudisha ikakuangukia wewe.

Usipunguze bei kwenye karatasi ili kumsaidia mteja. Ukiandika dola 20, ukapotea, utalipwa kwa dola 20. Na hata ukiandika bei ya kweli bila kulipia bima, Mkataba wa Montreal wa 1999 unaweka kikomo cha fidia kwa mizigo ya ndege ya kimataifa: SDR 26 kwa kilo. SDR ni fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwa mfarishi wa kilo 2 na nusu haifiki dola 100. Wangu nauuza zaidi ya hapo, kwa hiyo bima nailipia kila mara na naiweka ndani ya bei tangu mwanzo.

Piga picha mfarishi umetandazwa, umekunjwa, na katoni imefungwa ikiwa juu ya mizani. Mwombe mpokeaji naye apige picha katoni kabla hajaifungua. Akikuta umeharibika, chini ya mkataba huohuo malalamiko yaandikwe ndani ya siku 14 tangu alipoupokea. Kama uko salama, autandaze kivulini siku nzima bila kuupiga pasi, na ujazo utapanda wenyewe.