Kumrekodi mpiga makumbi: siku ya kwanza kamera iache nyumbani

Filamu zangu nazitengeneza peke yangu, kamera moja na maikrofoni moja, na ninaowafuata ni watu ambao kazi yao tunaitumia kila siku bila kuwauliza hali. Hapa Pemba kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi, maganda ya nazi, utaikuta kila kijiji. Anayeisokota, nani anamtazama?

Pitia kwa sheha, kiongozi wa mtaa, ujitambulishe, kibali cha BASSFU, baraza linalosimamia sanaa na filamu Zanzibar, kiwe mfukoni. Hayo ni mepesi. Kisha piga hodi kwa bibi mwenyewe, mwamkie, kaa chini umsaidie. Makumbi yaliyozikwa miezi kadhaa kwenye matope ya pwani yana harufu nzito, na ukiziba pua mbele yake umeshapoteza. Mimi niliyapiga asubuhi nzima mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ndipo aliponiambia, "Kesho njoo na hicho chombo chako, mwanangu."

Siku za kurekodi pwani zipange kwa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hukauka mbali asubuhi, kama saa nne, na hapo ndipo makumbi hufukuliwa. Jua ni kali mno saa hiyo. Usimhamishe yeye, hama wewe mpaka jua liwe ubavuni mwake, uchutame usawa wa mikono yake. Wakati wa kusi upepo huharibu sauti, kwa hiyo mlio wa mti ukipiga makumbi urekodi tena nyuma ya ukuta. Maikrofoni ya kubana kifuani abanwe na binti yake. Wewe mwanamume usimguse.

Maswali ndiyo yaliyonitesa. Mwanzo nilimuuliza shida zake, akanijibu kama anasoma risala mbele ya mgeni rasmi. Nikabadilisha: "Bibi, hii ni pima ngapi?" Akainuka, akanyoosha mikono, kamba ikapita kifuani, pima moja, mbili, tatu, na kila pima ikaja na lake: mama yake aliyemfunza, mtoto aliyesomeshwa kwa kamba hizo, nailoni iliyojaa madukani. Kamera niliiacha iende dakika 11, nami kimya. Ukimkatiza hapo, hutayapata tena.

Asipotaka uso wake uonekane, usimbembeleze. Viganja vinavyosokota vinatosha, na dole gumba la mguu lililoibana ncha ya kamba.

Ukimaliza kuhariri, yeye ndiye aione mwanzo, kabla hujaipeleka ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, au tamasha jengine lolote. Nilitundika shuka jeupe uani kwake baada ya sala ya Isha, majirani wakajaa. Katikati akanisimamisha: "Hiyo kamba si yangu, ya jirani hiyo. Yangu haina nywele namna hiyo."

Kesho yake alfajiri nilikuwa mlangoni kwake na kamera, kuirekodi ya kwake.