Mzazi akisafiri kupitia Entebbe, omba kiti cha magurudumu mapema

Wenzangu mnaowasafirisha wazee kupitia Entebbe, msingoje kufika kaunta ndipo muombe kiti cha magurudumu. Kiombeni siku mnapokata tiketi, au walau saa 48 kabla ya ndege kuondoka. Kwa kawaida huduma hiyo hailipiwi.

Kuna jambo wengi hawalijui: haitoshi kusema "mama hawezi kutembea". Eleza anachoweza. Mashirika ya ndege hutumia alama tatu. WCHR ni anayepanda ngazi mwenyewe ila mwendo mrefu unamchosha. WCHS hawezi ngazi, lakini ndani ya ndege anajikongoja hadi kitini. WCHC ni wa kubebwa mpaka kwenye kiti chake. Alama ikikosewa, mzee anaweza kujikuta chini ya ngazi za ndege bila msaada aliouhitaji. Mama yangu aliandikiwa ya kwanza ilhali magoti yake hayapandi hata ngazi tano, na iliniuma sana kumwona akihangaika vile.

Kama anabadilisha ndege Addis Ababa, Doha au Dubai, hakikisha ombi limeandikwa kwa kila safari, si ya kwanza tu. Huko ndiko kwenye mwendo mrefu.

Dawa zake zikae kwenye mkoba wa mkononi. Na kutoka Kampala hadi Entebbe ni kama kilomita 40, kwa hiyo tokeni mapema, mzee asikimbizwe.