Difu: fungua nati ya juu kwanza

Kabla hujaigusa nati ya kumwagia oili chini ya difu (boksi la gia katikati ya ekseli, linalogawa nguvu kwa magurudumu), hakikisha ile ya juu ya kujazia inafunguka. Kwenye 4x4 kuukuu mara nyingi imeshikwa na kutu. Mimi niliwahi kumwaga kwanza. Nati ya juu ikagoma, na gari likalala juu ya stendi za jeki siku mbili bila tone la oili ndani. Isugue kwa brashi ya waya, ipulizie dawa ya kutu, iache usiku kucha, kisha tumia soketi ya saizi kamili. Spana ya kubahatisha itakula kona zote za nati.

Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usikimbilie kulaumu sili (mipira inayozuia oili isivuje). Angalia kwanza kijibomba cha kupumulia juu ya ekseli: kikiziba kwa tope, difu ya moto ikitumbukia kwenye maji baridi hewa ya ndani hunywea, na maji huvutwa kupitia sili hata kama ni nzima. Kizibue, au ufunge mpira mrefu uupandishe hadi karibu na injini.